Deni, Samansi na Ufilisi wa Mtu Binafsi Tabora

Ufilisi wa mtu binafsi ni utaratibu wa mahakama wa kuchukua mali ya mtu aliyelemewa na madeni, kuiweka chini ya msimamizi mmoja, kuigawa kwa wadai wote kwa uwiano wa wanachodai, na hatimaye kumwondolea mdaiwa sehemu kubwa ya deni lisilolipika. Kwa Tanzania Bara utaratibu huo umo katika Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, iliyotungwa mwaka 1930 kwa kufuata sheria ya Uingereza ya 1914. Mahakama yenye mamlaka ni Mahakama Kuu. Mkazi wa kata ya Mtendeni katika Manispaa ya Tabora hana haja ya kupanda treni kwenda Dar es Salaam ili kufungua ombi, kwa sababu Mahakama Kuu ina kanda yake hapo hapo mjini.

Sheria hii inakaribia miaka mia, lakini mtaani haijulikani. Kwa watu wengi kufilisika ni duka kufungwa, au dalali kuja na gari kubeba makochi na friji mchana kweupe majirani wakitazama. Hayo ni matokeo ya kushtakiwa na kushindwa kulipa. Ufilisi wa kisheria ni kitu kingine, na mara nyingine ndio unaoweza kumzuia dalali huyo. Mara nyingine pia unaweza kumponza mdaiwa akapoteza kile ambacho dalali asingeruhusiwa kukigusa. Ndiyo maana lazima mtu aujue vizuri kabla ya kuukimbilia.

Mji wa mali kauli

Tabora ilikua kwa mkopo. Wasafiri wa karne ya 19 waliiandika kwa jina la Kazeh, makao ya wafanyabiashara wa Unyanyembe, mahali ambapo njia ya misafara kutoka pwani iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walipokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa amejijenga hapo. Mizigo iliyopita mikononi mwa watu kama yeye, ikibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, ilikuwa merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba, na sehemu kubwa yake haikuwa imelipiwa. Ilichukuliwa Unguja kwa matajiri wa Kihindi, kama vile Taria Topan na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, kwa mali kauli, yaani kwa ahadi kwamba msafara ukirudi deni litalipwa kwa pembe za ndovu. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na maskani Tabora, alisafiri kwa mtaji wa Taria Topan.

Mkopo wa namna hiyo ulichukua miaka kurudi. Njiani kulikuwa na hongo za watemi, njaa, ndui na vita. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilifungwa na mali ikakwama. Mfanyabiashara ambaye pembe zake hazikutosha kulipa alikuwa na njia moja iliyojulikana na kila mtu, nayo ni kutorudi pwani. Alibaki bara, akaoa, akalima, akaendelea kutuma barua na visingizio, na tajiri wa Unguja akaamua kama atamwongezea mali ili apate cha kulipa au atamhesabu amekwenda na maji. Mwanahistoria Thomas McDow, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu madeni na safari baina ya Omani, Unguja na bara, anaonyesha jinsi deni na umbali vilivyompa mtu nafasi ya kujinunulia muda.

Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu, na fikihi ilikuwa na la kusema juu ya mdaiwa aliyeshindwa. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280 inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate wepesi, na aya ya 282 inaagiza deni la muda liandikwe mbele ya mashahidi. Kadhi aliweza kumzuia mufilisi asiguse mali yake, ikauzwa, na wadai wakagawana kwa mafungu. Waingereza walipoleta sheria yao, wazo la wadai kugawana kilichopo halikuwa geni katika miji hii. Kilichokuwa kigeni ni karatasi zake, na lugha yake.

Madeni ya leo na wanaoyadai

Mkoa wa Tabora unaishi kwa tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mkulima hupokea mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, AMCOS, na deni hukatwa kwenye mauzo. Shida inajulikana na kila anayeuza tumbaku. Mwenzako akishindwa, au mvua ya mawe ikipiga mashamba, au viongozi wakila fedha, makato yanamfikia hata aliyelipa fungu lake. Hapa pana jambo linalochanganya watu. AMCOS ni chombo chenye utu wake wa kisheria chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na kikishindwa kulipa kinashughulikiwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Sura ya 25 haikihusu. Inamhusu mkulima mwenyewe, kwa deni alilosaini kwa jina lake au alilomdhamini mtu.

Mjini madeni ni ya aina nyingine: bodaboda ya mkataba, mtaji wa mitumba, ada ya shule, na ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tuchukue mfano wa mama lishe aliyekopa shilingi 500,000. Kikomo cha riba kilichowekwa kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo huu ni shilingi 17,500. Mkopeshaji wa kausha damu akimtoza asilimia 20, ni shilingi 100,000 kila mwezi, na miezi mitano ikipita mama amelipa laki tano nzima huku deni la msingi likibaki pale pale. Akichelewa wiki moja, faini. Huyu mama akipelekwa mahakamani, la kwanza kuuliza ni kama mkopeshaji wake ana leseni, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inakataza kufanya biashara hiyo bila leseni. Hoja hii huachwa mara nyingi kwa sababu mdaiwa anaona aibu, na anadhani kuhoji riba ni kukana deni. Kuhoji riba si kukana deni.

Wakopeshaji wa kwenye simu wameongeza fedheha juu ya deni. Ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa mtu uliyewahi kumpigia mara moja tu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kulalamika taarifa zake zinapotumiwa hivyo.

Kuna pia vitisho vya polisi. Kushindwa kulipa mkopo ni madai, si jinai. Inakuwa jinai pale mtu alipojipatia fedha kwa udanganyifu, kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu, kwa mfano kwa kuweka rehani kiwanja ambacho si chake. Aliyekopa kwa nia njema akakwama hajatenda kosa hilo, na mkopeshaji anayemtishia kwa rumande anatafuta njia ya mkato ya kukwepa mahakama ya madai.

Samansi ikifika

Deni lina umri. Madai ya mkataba yanapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, na aliyeshinda ana miaka 12 ya kukazia hukumu. Anayedaiwa deni la miaka minane iliyopita ambalo hajalilipia kitu wala hajalikiri kwa maandishi katika muda huo ana utetezi mzuri kabla hata hajafungua mdomo juu ya kiasi.

Samansi ni karatasi yenye jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya wahusika, tarehe ya kufika na muhuri. Ikitoka Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, huambatana na hati ya madai, na mdaiwa ana siku 21 tangu alipoipokea kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zao za mwaka 1964, nyepesi zaidi, na humo mtu aweza kujieleza kwa mdomo. Kwa madeni fulani, kama yale ya rehani ya nyumba au hundi, mdai anaweza kutumia shauri la muhtasari, ambapo mdaiwa lazima kwanza aombe ruhusa ya kujitetea. Asiyeomba anahesabiwa amekubali.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuificha samansi chini ya godoro. Mahakama ikiridhika kwamba mdaiwa ameitwa na hakujibu, inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Riba ambayo ingepingwa inapita, faini zinapita, gharama za wakili wa mdai zinaongezwa juu. Mtu aliyekuwa na hoja nzuri anaanza kuitafuta siku ambayo dalali wa mahakama yuko mlangoni.

Hata pale ambapo deni ni la kweli na halina utata, kufika kuna faida. Mahakama ina uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa awamu ikiwa kuna sababu za kutosha, na mdai mwenye busara hupendelea laki moja kila mwezi ya uhakika kuliko kukimbizana na mtu asiye na kitu. Makubaliano yakifikiwa, yaandikwe na yasajiliwe mahakamani yawe hukumu. Ahadi iliyobaki kwenye simu hailindi upande wowote. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kumsaidia mwananchi kuelewa karatasi hizo bila malipo.

Kukazia hukumu, na gereza la madai

Mshindi asipolipwa hurudi mahakamani kuomba kukazia hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inampa njia kadhaa: mali kukamatwa na kuuzwa kwa mnada, fedha zilizo benki kuzuiwa, au mdaiwa mwenyewe kukamatwa na kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi 6. Watu wengi hushangaa kusikia njia hii ya mwisho bado ipo. Ipo.

Ina mipaka yake, hata hivyo. Kwanza mdaiwa huitwa aeleze kwa nini asifungwe, na hapo ndipo mahali pa kuonyesha umaskini wake kwa vielelezo: hati ya mshahara, taarifa ya benki, barua ya mwenyekiti wa mtaa, vyeti vya hospitali. Mahakama ikiridhika kwamba anashindwa kulipa kwa umaskini na hakuficha mali, inaweza kukataa kumfunga. Pili, anayetaka mwenzake afungwe ndiye anayelipia posho ya kumtunza huko gerezani, na asipoilipa mfungwa anaachiwa. Tatu, kufungwa hakufuti deni. Akitoka mdaiwa hakamatwi tena kwa hukumu hiyo hiyo, lakini mali yake inaendelea kuandamwa. Kwa hiyo kifungo ni cha kumbana mwenye nacho anayekataa kulipa. Kumfunga asiye nacho hakumpi mdai hata senti, na kunamwondoa mtu shambani au sokoni alikokuwa akitafuta hizo fedha. Tanzania iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba.

Upande wa mali nako kuna kinga. Sura ya 33 inazuia kukamatwa kwa nguo, vyombo vya kupikia na matandiko ya familia, vifaa vya fundi, zana za mkulima, na nyumba ya makazi ambamo mdaiwa anaishi na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Dalali anayebeba cherehani ya fundi nguo amebeba kitu kilichokingwa, na malalamiko yapelekwe haraka kwenye mahakama iliyomtuma. Kinga hii haisaidii nyumba iliyowekwa rehani. Aliyeweka hati yake benki, benki inamwandikia notisi ya siku 60 chini ya Sheria ya Ardhi, na muda ukipita inaweza kuuza bila hata kupitia mahakamani. Rehani ya nyumba ya familia inahitaji pia ridhaa ya mwenzi, na mikopo mingi imekwama mahakamani kwa sababu saini ya mke haikupatikana au ilighushiwa.

Sura ya 25 inavyofanya kazi

Ufilisi unaweza kuanzishwa na mdai au na mdaiwa mwenyewe. Mdai lazima aonyeshe kwamba mdaiwa ametenda tendo la ufilisi, yaani jambo linalodhihirisha kwamba hawezi au hataki kulipa: kuwakimbia wadai, kuhamisha mali kwa hila, mali yake kukamatwa kwa hukumu, au kupuuza notisi ya ufilisi iliyotokana na hukumu. Mdaiwa anayejipeleka mwenyewe husema katika ombi lake kwamba hawezi kulipa madeni yake, na ombi hilo lenyewe ni tendo la ufilisi.

Mahakama ikikubali hutoa amri ya mali kukabidhiwa kwa afisa rasmi wa serikali. Shughuli za ufilisi za serikali ziko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa mwaka 2006. Wengi wanaujua kwa vyeti vya kuzaliwa, hawajui kwamba neno ufilisi limo ndani ya jina lake. Kuanzia amri hiyo, mdai ambaye deni lake linaingia katika ufilisi hawezi tena kumwandama mdaiwa wala mali yake, wala kufungua shauri jipya, bila ruhusa ya mahakama. Hii ndiyo nguvu kubwa ya ufilisi mbele ya kesi za madeni. Wadai sita wenye samansi sita katika mahakama tatu wanasimamishwa kwa amri moja. Mwenye rehani ndiye asiyezuiwa, kwa kuwa dhamana yake anayo mkononi.

Baada ya hapo mdaiwa huandika taarifa ya mali na madeni yake yote kwa kiapo, wadai hukutana, na mdaiwa huhojiwa hadharani mahakamani juu ya mwenendo wake: fedha zilikwenda wapi, gari aliliuza kwa nani, kwa nini alimlipa mjomba akawaacha wengine. Katika hatua hii anaweza kupendekeza mapatano ya kulipa sehemu ya deni, na wadai wakiyakubali kwa wingi unaotakiwa na mahakama ikayaidhinisha, yanawafunga wote. Wasipokubali, anatangazwa mufilisi na mali yake inahamia kwa msimamizi.

Mgawanyo ni hesabu ya mafungu. Chukulia mtu anadaiwa shilingi milioni 12 na benki kwa mkopo usio na dhamana, milioni 4 na SACCOS, 800,000 na kampuni ya mikopo, na milioni 3.2 na rafiki aliyempa mali kauli. Jumla ni milioni 20. Mali yake ikiuzwa, na baada ya kutoa gharama za ufilisi na madeni yenye kipaumbele kama kodi na mishahara, zikabaki milioni 5, kila mdai anapata robo. Benki inapata milioni 3, SACCOS milioni 1, kampuni 200,000 na rafiki 800,000. Aliyekuja na vitisho vingi hapati zaidi ya aliyenyamaza. Hapo naona uadilifu wa kweli wa sheria hii, kwa sababu bila ufilisi anayelipwa ni yule wa kwanza kufika na dalali, na rafiki mwenye huruma ndiye anayekosa kabisa.

Ukombozi wa mufilisi hauji wenyewe. Lazima auombe, na mahakama huangalia mwenendo wake kabla ya kumpa, kumnyima, kumcheleweshea au kumpa kwa masharti. Akiupata, madeni yaliyoingia katika ufilisi yanafutika. Yanayotokana na udanganyifu hayafutiki, wala yale ya serikali hayaondoki kirahisi. Wala hafunguliwi mdhamini wake. Hili la mwisho liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila kikundi cha VICOBA: mkopaji akifilisika na kukombolewa, wadai watamgeukia aliyesaini pembeni yake.

Kabla hajakombolewa, mufilisi hawezi kukopa huku akificha hali yake, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Mali anayoipata katika kipindi hicho, hata urithi, inaweza kuingia kwenye kapu la wadai. Na aliyemwandikia shemeji yake kiwanja karibu na kufilisika, au kumlipa mdai mmoja kwa upendeleo, ajue msimamizi anaweza kuomba miamala hiyo itenguliwe. Mahakama nayo hailazimiki kulikubali ombi la mdaiwa lililoletwa kwa hila, kwa mfano la mtu mwenye mali anayetaka tu kuchelewesha mnada wa kesho asubuhi.

Nyumba ya kuishi, na nani anafaa kufilisika

Jambo ambalo wadaiwa wengi hawaambiwi ni hili. Kinga ya nyumba ya makazi niliyoitaja imo katika Sura ya 33, sheria ya kukazia hukumu. Orodha ya vitu vinavyobaki kwa mufilisi chini ya Sura ya 25 ni fupi, nayo ni vifaa vya kazi, nguo na matandiko ya familia, tena kwa thamani yenye kikomo. Mtu mwenye nyumba yake isiyo na rehani, anayedaiwa na mdai mmoja au wawili, anaweza kuwa salama zaidi akibaki kwenye kesi ya kawaida na kudai kinga yake kuliko akijipeleka kwenye ufilisi na kuikabidhi nyumba hiyo kwa msimamizi. Kabla ya kusaini ombi la ufilisi, swali la kwanza kwa wakili liwe juu ya nyumba.

Kwa nani basi ufilisi unafaa? Kwa mfanyabiashara mwenye wadai wengi, aliyekwisha kupoteza karibu kila kitu, ambaye kila akijaribu kuinuka anakamatwa mtaji mdogo alioupata, na ambaye vitabu vyake vya hesabu viko wazi. Kwa aliyedhamini mkopo mkubwa wa mtu mwingine na hana namna ya kuulipa maisha yake yote. Lakini kwa mtumishi anayedaiwa na mkopeshaji mmoja aliyeshikilia kadi yake ya benki na namba ya siri, njia ni kuifunga kadi, kulalamika na kudai hesabu ya riba. Kwa yule mama lishe wa laki tano, kufungua shauri Mahakama Kuu na kulipa wakili kunaweza kugharimu zaidi ya deni lenyewe. Njia yake ni Mahakama ya Mwanzo, hoja ya leseni na riba, na kulipa kwa awamu.

Na hapo ndipo sheria yetu ilipobaki nyuma. Kenya ilikuwa na sheria ya ufilisi ya mtindo huo huo wa Kiingereza, ikaifuta na kutunga Sheria Namba 18 ya 2015. Humo mdaiwa asiye na mali, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, ana utaratibu wake mwepesi unaomkomboa baada ya miezi 12 akiwa mkweli. Upo pia wa kulipa kidogo kidogo kwa amri moja inayowafunga wadai wote, na mufilisi wa kawaida hukombolewa baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali yake, asipopingwa. Uingereza yenyewe iliachana na sheria ya 1914, na tangu 2004 mufilisi mwaminifu kwa kawaida hukombolewa ndani ya mwaka mmoja. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako wapo Waswahili wengi wafanyao kazi Dubai, ulianza mwaka 2020 kutumia sheria ya ufilisi wa watu wasio wafanyabiashara. Marekani karibu kesi zote za madeni husimama saa ile ile mtu anapowasilisha ombi lake.

Kenya pia ilikumbana na suala la kifungo. Mwaka 2010 mwanamke mmoja aliyekuwa gerezani kwa deni alitumia ombi la ufilisi kuomba aachiwe, na Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliona kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni la mkataba kunapingana na kifungu kile cha 11 cha mkataba wa kimataifa. Mwaka 2012 Jaji David Majanja alichukua msimamo tofauti, kwamba gereza la madai si batili lenyewe ikiwa taratibu za kumlinda mdaiwa asiye na uwezo zitafuatwa. Mjadala wa namna hiyo unatufaa na sisi, kwa sababu tumeridhia mkataba ule ule na bado tuna kifungo kile kile katika vitabu vyetu.

Wizara ya Katiba na Sheria na Bunge wana kazi mbili hapa ambazo hazihitaji fedha nyingi: kuandika utaratibu mwepesi wa madeni madogo utakaoweza kusikilizwa katika Mahakama ya Wilaya, na kuingiza katika Sheria ya Ufilisi kinga ya nyumba ya makazi inayolingana na ile ya Sura ya 33. Kabla hilo halijafanyika, wewe uliyepata samansi leo hesabu siku zako 21, tafuta msaidizi wa kisheria wa kata yako, na ufike mahakamani ukiwa na kila risiti uliyonayo.